Jinsi ya kupima kama juisi ya matunda inaua bakteria kweli: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Hili jaribio watu wengi wanalifanya na wengi wanaanguka pale pale. Mtu anakamua ndimu, anamimina kwenye kishimo cha agari (jeli ya kuoteshea bakteria), kesho yake anakuta duara safi kubwa, yaani sehemu ambayo bakteria hawakuota, anafurahi, anaandika kwenye ripoti kwamba juisi ya ndimu ina nguvu dhidi ya bakteria wa magonjwa. Ukimuuliza pH ya hiyo juisi (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa) ilikuwa ngapi, hajapima. Ukimuuliza kama aliweka asidi tupu pembeni ili alinganishe, hakuweka. Sasa hapo hajui kama kilichofanya kazi ni tunda au ni uchachu tu, maana hata siki ingemtolea duara.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa kuzunguka hilo swali moja: duara unaloliona limetoka wapi. Ukifuata hatua zote utakuwa na jibu unaloweza kulitetea mbele ya mtu yeyote. Ukiruka hatua ya 3 utakuwa na picha nzuri tu.

## Kwanza kabisa, ufanyie wapi

Usifanyie nyumbani. Narudia, usifanyie jikoni. Unapoweka bakteria kwenye agari na kuwaacha usiku kucha unazalisha mamilioni kwa mamilioni yao, na jiko halina autoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto) wala mtu wa kukusimamia. Fanyia maabara ya mikrobaiolojia, na awepo anayejua kazi.

Bakteria pia usiwatoe kwenye kidonda cha mtu, kinyesi au maji ya mtaro. Huwajui ni akina nani na wanaweza kuwa sugu kwa dawa. Chukua aina zinazojulikana ambazo maabara hutunza kwa ajili ya kupimia: Escherichia coli ATCC 25922 na Staphylococcus aureus ATCC 25923 (hizo ATCC ni namba za hifadhi ya bakteria wanaojulikana). Hizi mbili zinatosha kabisa kuanzia kwa sababu moja ni gramu hasi na nyingine gramu chanya, yaani kuta zao zimejengwa tofauti na mara nyingi zinajibu tofauti. S. aureus huyu anaweza kusababisha ugonjwa, usimchukulie poa kisa ni wa maabara. Kama ni shule ya sekondari, tumia E. coli K-12 ambaye hana madhara.

Koti la maabara, glovu, nywele zimefungwa, hakuna kula wala kunywa, na ile juisi iliyobaki baada ya jaribio HAINYWEWI.

## Vifaa

Andaa vyote kabla hujagusa tunda hata moja. Nusu ya majaribio yanayoharibika yanaharibika kwa sababu mtu katikati ya kazi anagundua filta zimeisha.

- Matunda mabivu yasiyo na kidonda wala ukungu
- Agari ya Mueller-Hinton, na brothi ya Mueller-Hinton (chakula kile kile cha bakteria kikiwa cha maji)
- Sahani za petri za milimita 90
- Mita ya pH iliyosanifishwa siku hiyo hiyo (karatasi za pH hazitoshi, nitaeleza)
- Asidi ya sitriki ya unga, sodiamu haidroksaidi (NaOH) ya 0.1 M, 1 M na 5 M (M ni ukali wake, yaani moli kwa lita)
- Sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili chembe zikae chini), karatasi za kuchujia, filta za sirinji za mikromita 0.45 na 0.22
- Swabu za pamba zilizotakaswa, salaini (maji ya chumvi) ya 0.85%
- Kipimo cha McFarland 0.5 (mrija wenye ukungu uliopimwa, wa kulinganishia wingi wa bakteria)
- Kitoboleo cha chuma cha milimita 6
- Mikropipeti na ncha zake
- Visahani vya dawa (vikaratasi vya duara vilivyolowekwa dawa ya kuua bakteria): gentamaisini mikrogramu 10
- Kalipa au rula yenye milimita
- Autoklevu, inkubeta (kabati la joto la kuotesha bakteria), kichomeo cha gesi, spiriti ya 70%, jiki

## Hatua ya 1: Chagua matunda yenye uchachu tofauti

Wengi wanachukua ndimu, limao na chungwa. Hayo yote ni ukoo mmoja na yote yana asidi ya sitriki, kwa hiyo unakuwa umeuliza swali moja mara tatu.

Chagua matunda yaliyopishana. Ndimu na limao huwa karibu na pH 2 hadi 2.6. Komamanga huzunguka 3. Nanasi na chungwa huwa 3.3 kwenda juu kidogo hadi 4. Tikiti maji huwa zaidi ya 5. Ukiweka ndimu, komamanga, nanasi na tikiti maji kwenye jaribio moja, utaona mwenyewe kama ukubwa wa duara unafuata uchachu au kuna tunda linalovunja huo mfuatano. Hilo linalovunja mfuatano ndo la kulichunguza.

Andika pia kama umekamua na ganda au bila ganda. Hili kwa komamanga ni kubwa sana kwa sababu ganda lake limejaa tanini (kemikali za mmea zinazokaza ulimi), na juisi iliyokamuliwa tunda zima inabeba tanini nyingi kuliko iliyokamuliwa kwenye punje tu. Watu wawili wanaweza kusema "tumepima komamanga" na kumbe wamepima vitu viwili.

## Hatua ya 2: Kamua na isafishe juisi

Osha tunda, lipanguse kwa spiriti ya 70%, liache likauke, likate kwa kisu kilichotakaswa. Kamua mililita 50 hivi. Usiongeze maji, usiongeze sukari.

Chuja kwa kitambaa safi kwanza, halafu izungushe kwenye sentrifuji mizunguko 4000 kwa dakika, kwa dakika 10. Nyama ya tunda na pektini vitakaa chini, wewe chukua maji ya juu. Usiruke hii, kwa sababu ukipeleka juisi nzito moja kwa moja kwenye filta ya 0.22 itaziba baada ya mililita mbili, utasukuma sirinji kwa nguvu, filta itapasuka ndani bila wewe kujua na bakteria na hamira zilizomo kwenye juisi zitapita zote.

Usichemshe juisi ili kuitakasa. Moto unapunguza vitamini C, unaua bromelaini (kimeng'enya cha nanasi) na unabadilisha vitu vingine ambavyo pengine ndivyo ulivyokuwa unavitafuta.

Kuchuja kwa 0.22 usikufanye sasa hivi, kunakuja mwisho wa hatua ya 3, kwa sababu elektrodi ya mita ya pH haijatakaswa na utaichafua juisi upya.

Utajuaje imekwenda sawa: juisi inapitisha mwanga, hakuna chembe zinazoelea.

## Hatua ya 3: Pima asidi na utengeneze kontroli zake

Hapa ndo moyo wa kazi yote, tulia. Kontroli ni vile vya kulinganishia na juisi.

Pima pH ya kila juisi na mita. Karatasi za rangi zinakupa namba nzima nzima, na tofauti ya pH 2.3 na 2.8 ni tofauti ya mara tatu ya haidrojeni. Halafu juisi ya komamanga inapaka karatasi rangi yake yenyewe.

Lakini pH peke yake haitoshi, na hili linawapita hata watu wazoefu. pH inakwambia asidi iliyo huru kwa sasa, haikwambii akiba iliyobaki nyuma. Unaweza kuwa na maji yaliyotiwa tone la asidi kali yenye pH 2.3 na juisi ya ndimu yenye pH 2.3, ukaviweka kwenye agari, yale maji yanazimwa na agari mara moja ila ndimu inaendelea kutoa asidi mpaka mbali. Kwa hiyo kontroli yako lazima ifanane na juisi kwa pH NA kwa kiasi cha asidi.

Unafanya hivi. Chukua mililita 1 ya juisi, iongezee maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke mpaka mililita 50, halafu dondoshea NaOH ya 0.1 M polepole huku mita iko ndani mpaka ifike pH 8.2. Kila mililita 1 ya hiyo NaOH ni sawa na miligramu 6.4 za asidi ya sitriki. Tuseme ndimu yako imekunywa mililita 7, hiyo ni miligramu 44.8 kwenye mililita 1 ya juisi, karibu gramu 4.5 kwa kila mililita 100. Ndimu na limao kawaida huangukia jirani na hapo, kwa hiyo ukipata gramu 0.4 au gramu 20 rudia, kuna mahali umekosea.

Asidi ya sitriki inafaa kwa jamii ya ndimu, na pia nanasi na komamanga kwa kiasi kikubwa. Ukipima tufaha tumia asidi ya maliki (miligramu 6.7 kwa mililita), na zabibu au ukwaju tumia asidi ya tartariki (miligramu 7.5).

Sasa kutokana na hapo tengeneza chupa nne kwa kila tunda:

1. Juisi ghafi, ilivyo.
2. Asidi tupu. Asidi ya sitriki kwenye maji kwa kiasi ulichokipata, halafu irekebishe kwa NaOH kidogo mpaka pH yake iwe sawasawa na ya juisi.
3. Juisi iliyozimwa asidi. Juisi ile ile imepandishwa mpaka pH 7.0.
4. Asidi iliyozimwa. Chupa ya 2 nayo imepandishwa mpaka 7.0. Hii inakuonyesha kama ile chumvi ya sitreti inayobaki baada ya kuzima asidi ina madhara yake yenyewe, maana sitreti inang'ang'ania madini ya magnesi na kalsi ambayo bakteria wanayahitaji.

Kwenye kuzima asidi tumia NaOH ya 5 M, si 1 M. Mililita 10 za ndimu zinakunywa karibu mililita 7 za NaOH ya 1 M na juisi yako inakuwa imechujuka kwa zaidi ya theluthi, halafu mtu anasema "nilipozima asidi nguvu ikaisha" kumbe aliipunguza mwenyewe kwa maji. Kwa 5 M unaongeza mililita 1.4 tu. Na hizo 1.4 uzifidie: zile chupa mbili ambazo hukuzizima, chupa ya 1 na ya 2, kila moja iongezee maji ya kiasi kile kile.

NaOH ya 5 M inaunguza ngozi na inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima. Dondoshea tone kwa tone huku unakoroga. Ukipitiliza ukafika pH 9 usirudishe kwa asidi, mwaga uanze upya, kwa sababu polifenoli (kundi la kemikali za mimea, tanini zikiwemo) zinaharibika kwenye alkali na utaona juisi inageuka rangi ya kahawia. Ya komamanga au zabibu nyeusi itabadilika rangi hata ukifanya sawa, nyekundu inaenda zambarau, hiyo ni kawaida.

Mwisho zipitishe zote nne kwenye filta ya 0.45 halafu ya 0.22 kuingia chupa zilizotakaswa. Kutoka kila chupa paka mikrolita 100 kwenye agari tupu, weka inkubeta mpaka kesho.

Utajuaje imekwenda sawa: zile agari za kukagua hazijaota kitu. Ikiota hata koloni moja (kidoa cha bakteria walioota), juisi hiyo usiitumie. Juisi tunza kwenye friji nyuzi 4 na uitumie ndani ya saa 24.

## Hatua ya 4: Mimina agari

Gramu 38 za unga wa Mueller-Hinton kwa lita 1 ya maji, chemsha mpaka iyeyuke, autoklevu nyuzi 121 dakika 15. Iache ipoe mpaka nyuzi 45 hadi 50, yaani unaweza kuishika chupa bila kuitupa. Ukimimina ikiwa ya moto sana mvuke unaganda kwenye kifuniko na kudondoka juu ya agari.

Mimina mililita 25 kwa kila sahani ya milimita 90, hiyo inakupa kina cha milimita 4. Pima kwa pipeti au silinda, usikadirie kwa macho. Agari nyembamba inafanya juisi isambae zaidi pembeni na duara linakuwa kubwa la uongo, agari nene inafanya kinyume. Meza iwe imenyooka.

Acha sahani moja bila kupanda chochote, ipite njia zote pamoja na nyingine. Ikiota, agari yako ina uchafu.

## Hatua ya 5: Andaa bakteria kwa kipimo

Otesha bakteria kwenye agari usiku mmoja. Wasiwe wa wiki iliyopita kwenye friji, unataka wachanga wenye nguvu. Chukua koloni 3 hadi 5 zinazofanana, koroga kwenye salaini, linganisha ukungu wake (jinsi maji yanavyozuia mwanga) na McFarland 0.5 ukiweka karatasi yenye mistari myeusi nyuma ya mirija yote miwili. Mistari ikionekana sawa kwenye mirija yote, umefika. Hiyo ni karibu bakteria milioni 150 kwa mililita.

Kama una spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaozuiwa), kwenye nanomita 625 soma 0.08 hadi 0.13.

Kwanini nasisitiza? Bakteria wakiwa wachache duara linakuwa kubwa, wakiwa wengi linakuwa dogo. Mtu asiyepima leo anapata milimita 20 na kesho 12 kwa juisi ile ile, halafu anailaumu juisi.

Ukishawaandaa una dakika 15 za kuwapaka. Ukiwachelewesha wingi wao unaweza kubadilika.

## Hatua ya 6: Paka

Chovya swabu, ikamue kwenye ukuta wa mrija ili isidondoke, paka sahani yote kwa mistari iliyobanana. Zungusha sahani nyuzi 60, paka tena. Zungusha, paka mara ya tatu, malizia ukingoni. Acha ikauke dakika 3 mpaka 5 kifuniko kikiwa kimeegeshwa.

Kesho unataka kuona zulia moja lililojaa. Ukiona koloni zimetawanyika moja moja, uliwaweka wachache, rudia.

## Hatua ya 7: Toboa visima na ujaze

Choma kitoboleo kwenye moto, kiache kipoe, toboa. Kwenye sahani moja weka visima vinne kwa zile chupa nne na kisahani kimoja cha dawa, vyote vikiwa kwenye duara karibu sentimita 3 kutoka katikati, ili vipishane kwa zaidi ya milimita 24 na maduara yasimezane. Maji matupu yaliyotakaswa yape sahani yao.

Toa kile kipande cha agari kwa sindano iliyotakaswa bila kuinua kingo. Kingo zikiinuka juisi inatambaa chini ya agari na unapata duara lenye umbo la ajabu. Ziba chini ya kisima kwa tone moja dogo la agari iliyoyeyuka.

Kisima cha milimita 6 kwenye agari ya milimita 4 kinabeba mikrolita 110 hivi, kwa hiyo jaza 80 tu. Ukijaza 100 kwenda juu inafurika. Kiasi kiwe kile kile kwa visima vyote, na uandike majina chini ya sahani, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko vinabadilishana.

## Hatua ya 8: Inkubeta

Acha sahani mezani dakika 30 zikiwa zimetulia ili juisi iingie kwenye agari, halafu nyuzi 35 kwa saa 18 hadi 24. Muda uwe ule ule kwa sahani zote.

Kawaida tunafundishwa kugeuza sahani kichwa chini. Hapa usigeuze, kuna maji kwenye visima.

## Hatua ya 9: Pima

Anza na kisahani cha dawa kabla hujaangalia juisi hata kidogo. Gentamaisini mikrogramu 10 kwa E. coli ATCC 25922 inatakiwa itoe milimita 19 hadi 26, na kwa S. aureus ATCC 25923 milimita 19 hadi 27. Ikitoka nje ya hapo jaribio zima limekufa, hata kama maduara ya juisi yamependeza vipi. Inauma lakini mwaga, tafuta kosa kwenye kina cha agari, wingi wa bakteria, au visahani vilivyokaa kwenye joto.

Ikiwa sawa, pima kila duara kwa upande wa chini wa sahani, kipenyo kizima pamoja na kisima. Kwa hiyo 6 maana yake ni hakuna kitu, ni kisima chenyewe. Nimeona ripoti zenye "milimita 6, nguvu ndogo" na hiyo siyo nguvu ndogo, ni sifuri.

Angalia na rangi pia. Komamanga na zabibu zinapaka agari na tanini zinagandisha protini, unapata pete ya mawingu inayoweza kudhaniwa ni bakteria au kudhaniwa ni duara. Chukua lenzi, tafuta kama kuna koloni halisi ndani yake.

Rudia kwenye sahani 3, na siku 3 tofauti na bakteria wapya. Sahani tatu za siku moja ni kosa lile lile umelipiga picha mara tatu.

## Hatua ya 10: Soma majibu

Sasa weka namba nne za kila tunda kwenye mstari mmoja na uzitazame pamoja.

Tuseme ndimu imetoa: juisi ghafi 18, asidi tupu 17, juisi iliyozimwa 6, asidi iliyozimwa 6. Jibu liko wazi, ni asidi. Hiyo siyo aibu na siyo jaribio lililofeli. Andika hivyo hivyo. Asidi ya sitriki ikiwa haijaachia haidrojeni yake inapenya ndani ya seli, kule ndani inaiachia, seli inachacha na kutumia nguvu zake zote kutoa uchachu nje mpaka inashindwa. Kingo za duara ni pale agari ilipofanikiwa kuizima asidi.

Tuseme komamanga imetoa: ghafi 17, asidi 9, iliyozimwa 13, asidi iliyozimwa 6. Hapa kuna kitu zaidi ya uchachu, na kwa komamanga wa kwanza kushukiwa ni tanini kama punikalajini. Kama ni S. aureus aliyeathirika na E. coli hakuguswa usishangae, gramu hasi ana utando wa nje unaozuia polifenoli nyingi zisipite.

Ghafi ikiwa kubwa kuliko asidi lakini iliyozimwa ni 6, usikimbilie kusema umegundua kitu. Inawezekana ni vitu viwili vinasaidiana, au ulikosea kulinganisha asidi. Rudia hatua ya 3 kwanza.

Juisi isiyotoa duara kabisa pia isihukumiwe haraka, kwa sababu tanini ni molekuli kubwa na zinatembea vibaya kwenye agari. Ipeleke kwenye brothi, hatua inayofuata.

Asidi iliyozimwa ikitoa duara, chumvi yako ni nyingi mno. Punguza juisi kwa maji nusu kwa nusu, rudia zote nne.

Na tafadhali usiweke milimita za juisi mbele ya milimita za dawa ukasema "ndimu imeikaribia gentamaisini". Kwenye kisima umemimina mikrolita 80 zenye karibu miligramu 3.1 za asidi, kwenye kisahani kuna mikrogramu 10 za dawa, hiyo ni zaidi ya mara 300 kwa uzito. Kisahani kile kazi yake ni kukagua jaribio lako basi.

## Hatua ya 11: Inaua au inazuia tu?

Duara halikwambii kama bakteria wamekufa au wamelala. Tumia sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96.

Weka mikrolita 100 za brothi kwenye visima vyote, isipokuwa cha kwanza weka brothi ya nguvu mara mbili. Ongeza mikrolita 100 za juisi kwenye cha kwanza, changanya, hamisha 100 kwenda cha pili, endelea hivyo mpaka cha 10 na 100 za mwisho zimwage. Chukua mikrolita 100 za bakteria wa McFarland 0.5 uwatie kwenye mililita 15 za brothi, halafu weka mikrolita 100 za mchanganyiko huo kila kisima mpaka cha 11. Cha 12 kisipate bakteria, kiongezee mikrolita 100 za brothi tupu. Kisima cha kwanza kinakuwa na juisi 25%, cha pili 12.5%, hivyo hivyo kushuka. Fanya kwa chupa zote nne, na safu moja ya juisi bila bakteria kwa ajili ya kulinganisha rangi na ukungu.

Nyuzi 35, saa 16 hadi 20. Kisima cha mwisho kisicho na ukungu ndicho kiwango cha chini cha kuzuia.

Wengi hapa wanatia resazurini, ile ya bluu inayogeuka pinki bakteria wakiwa hai. Kwa juisi ni mtego. Vitamini C yenyewe inaweza kuigeuza rangi bila bakteria yeyote, na resazurini ni bluu kwenye pH 6.5 kwenda juu ila ikichacha sana inakuwa ya chungwa. Kama lazima uitumie, itumie kwa juisi iliyozimwa na uangalie ile safu isiyo na bakteria imefanya nini.

Kujua kama wamekufa, toa mikrolita 10 kwenye kila kisima kisicho na ukungu upake kwenye agari mpya. Ulianza na bakteria 500,000 kwa mililita, kuua 99.9% ni kubaki na 500 kwa mililita, yaani koloni 5 au pungufu kwenye hizo mikrolita 10. Zaidi ya hapo juisi ilizuia, haikuua.

## Usiseme zaidi ya ulichopima

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu majibu haya yanasambaa na kuna mgonjwa anayasoma. Sahani haina damu. Damu ya mtu inakaa pH 7.35 hadi 7.45 na mwili unailinda hapo, kwa hiyo glasi ya ndimu haiwezi kuipa damu uchachu wa kuua bakteria. Kama nguvu yote ya tunda lako ilikuwa asidi, nguvu hiyo inaishia mdomoni na tumboni. Usiandike kwamba juisi inatibu maambukizi, na asiache mtu dawa yake. Kidonda pia hakimiminiwi ndimu, seli zako zinaungua kama zinavyoungua za bakteria.

Na uchachu si ulinzi kamili hata kwa juisi yenyewe. Mwaka 1996 kule Marekani watu wengi waliugua na mtoto mmoja akafariki kwa E. coli O157:H7 aliyekuwa kwenye juisi ya tufaha isiyopitishwa kwenye moto. Juisi chachu, na bakteria alikuwemo hai.

## Hatua ya 12: Tupa salama

Sahani zote, swabu, ncha za pipeti na mirija vinaingia mfuko wa autoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 30, ndo vitupwe. Vimiminika vyenye bakteria vifanye vivyo hivyo. Meza ipake jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa 9 za maji, iache dakika 10 kabla ya kufuta. Jiki usiichanganye na mabaki ya juisi au asidi kwenye ndoo moja, inatoa gesi ya klorini. Vua glovu na unawe kwa sabuni kabla hujashika simu. Picha za ripoti zipige kabla mfuko haujafungwa, kupitia kifuniko, bila kukifungua.